Hobbes, Locke au Rousseau: usimame na nani unapomaliza mada ya hulka ya binadamu na serikali?

Mada ya hulka ya binadamu na serikali karibu kila mara huishia kwenye insha moja: kati ya Thomas Hobbes, John Locke na Jean-Jacques Rousseau, ni nani aliyemwelewa binadamu vizuri zaidi, na serikali ya namna gani inamfaa binadamu huyo? Wanafunzi wengi huchagua kwa moyo. Anayewaamini watu humpenda Rousseau, aliyewahi kuumizwa na watu huona Hobbes ndiye msema kweli, na asiyetaka ugomvi huangukia kwa Locke kwa kuwa anaonekana yuko katikati. Ukichagua hivyo utaeleza hisia zako tu, na swali lenyewe litabaki halijaguswa.

Napendekeza kipimo kimoja. Chukua alichosema mwanafalsafa kuhusu binadamu, kisha umpime nacho mtawala. Mtawala naye ni binadamu. Kama watu ni waoga na wenye uchu, basi aliyeshika jeshi na hazina ni mwoga mwenye uchu aliyeshika jeshi na hazina. Kama watu ni wema, lazima ueleze kwa nini wema huo huyeyuka mara wanapopata vyeo. Ukikishika kipimo hiki, utaona tofauti kati ya watatu hawa iko mahali tofauti na pale inapotajwa mara nyingi darasani.

Walipoanzia pamoja

Wote watatu wanakutaka uiondoe serikali akilini. Hakuna askari, hakuna hakimu, hakuna sheria iliyoandikwa. Watu wataishije? Hiyo ndiyo hali ya asili. Usiisome kama historia: Rousseau alikiri waziwazi kwamba huenda haikuwahi kuwapo, na Hobbes hakudai kwamba dunia nzima iliwahi kuishi hivyo. Wanataka ujue serikali inatibu ugonjwa gani, na njia ya kujua ni kumtazama mgonjwa kabla hajapewa dawa.

Wanakubaliana pia kwamba hakuna aliyezaliwa na haki ya kumtawala mwenzake, na kwamba mamlaka halali hutokana na makubaliano. Zama zao hilo lilikuwa jambo zito. Wafalme walidai kiti chao kimetoka kwa Mungu, na Locke alitumia sehemu nzima ya kwanza ya kazi yake kumjibu Robert Filmer, aliyefundisha kwamba wafalme wamerithi mamlaka ya Adamu. Kwa hiyo usiandike kwamba Hobbes alitetea haki ya wafalme iliyoshuka mbinguni. Mtawala wake anaweza kuwa mtu mmoja au baraza, na madaraka yake yanatoka kwa watu.

Hobbes: hofu ilitangulia uovu

Hobbes alizaliwa mwaka 1588, Uingereza ikiwa inazisubiri kwa hofu manowari za Hispania, na uzeeni aliandika kwamba mama yake alijifungua mapacha: yeye na hofu. Mwaka 1640 alikimbilia Paris. Mwaka 1642 nchi yake iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1649 Mfalme Charles I akakatwa kichwa. Miaka miwili baadaye Hobbes alitoa kitabu chake kikuu, Leviathan.

Hapa ndipo insha nyingi huharibika. Mwanafunzi huandika kwamba Hobbes alisema binadamu ni mwovu. Hakusema hivyo. Alisema tamaa za binadamu zenyewe si dhambi. Alichofanya ni kuonyesha jinsi watu wa kawaida kabisa wanavyoweza kuuana pale ambapo hakuna wa kuwalinda. Anataja vyanzo vitatu vya ugomvi: kushindania vitu, kutoaminiana, na kutafuta sifa. Chanzo cha pili ndicho kinachonishughulisha zaidi. Sina nia mbaya nawe, lakini sijui nia yako, nawe hujui yangu. Nikingoja nijue, huenda nikawa nimechelewa. Basi nakuwahi, na wewe kwa sababu hiyohiyo ulikuwa unajiandaa kuniwahi. Hakuna mwovu hapo, na damu imemwagika. Maisha ya namna hiyo, asema, ni ya upweke, ya kifukara, machafu, ya kinyama, tena mafupi. Hakuna kilimo wala ujenzi wala elimu, kwa sababu hakuna atakayelima shamba asilojua kama atalivuna.

Anayembishia anajibiwa kwa matendo yake mwenyewe. Ukisafiri unajihami, ukilala unafunga mlango, na hata ndani ya nyumba yako unafunga makasha yako, ilhali sheria ipo na maofisa wa kukulinda wapo. Hobbes anauliza: unapofanya hivyo, unawadhania nini wenzako? Sijawahi kuona darasa linalolijibu swali hilo haraka.

Dawa yake ni kali. Kila mtu aiweke chini haki yake ya kujiamulia kila kitu, ili awepo mtawala mmoja mwenye nguvu za kuwatisha wote, maana mkataba usio na upanga nyuma yake ni maneno matupu. Madaraka hayo hayagawanyiki. Ukimpa huyu jeshi na yule kodi, umepanda mbegu ya vita vingine.

Hata hivyo Hobbes aliacha milango miwili, nayo husahaulika. Mtu hawezi kuitoa haki ya kuilinda roho yake. Hata aliyehukumiwa kifo kihalali ana haki ya kujitetea dhidi ya wanaokuja kumuua. Pia utii unadumu muda uleule ambao mtawala anaweza kukulinda. Ulinzi ukikoma, na wajibu wa kutii umekoma.

Locke: sheria ipo, mwamuzi hayupo

Locke alizaliwa mwaka 1632, akakulia katika vita vilevile ambavyo Hobbes alikuwa ameshavikimbia. Maandiko yake mawili kuhusu serikali yalitoka mwishoni mwa 1689 bila jina lake, mara baada ya mapinduzi ya 1688 yaliyomwondoa James II, mfalme wa Uingereza.

Kwa Locke, binadamu asiye na serikali bado ana akili, na akili inamfundisha sheria: usimdhuru mwenzako katika uhai wake, uhuru wake wala mali yake. Kinachokosekana ni vitu vitatu: sheria iliyotangazwa na kujulikana na wote, mwamuzi asiyependelea, na nguvu ya kutekeleza hukumu. Mtu akijiamulia kesi yake mwenyewe hujipendelea, na hasira humfanya alipize kupita kiasi. Tazama jinsi picha hii ilivyo ya kawaida. Haihitaji watu wakali. Inahitaji tu watu wanaojipenda kupita kidogo kiasi ambacho haki inaruhusu, na hao ndio sisi.

Mali ina nafasi kubwa kwake. Dunia ilitolewa kwa wote, lakini mtu akichanganya kazi ya mikono yake na kitu, kitu hicho huwa chake, ilimradi awaachie wengine vya kutosha na vilivyo vizuri vilevile. Serikali inaundwa ili kulinda vitu ambavyo tayari ni vyako kabla yake. Ikianza kuvipora, imevunja sababu ya kuwapo kwake, na watu wana haki ya kuiondoa. Waliomwambia kwamba hilo litaleta uasi kila siku aliwajibu kwamba watu huvumilia mengi, na hawainuki mpaka wameona mlolongo mrefu wa dhuluma unaoelekea upande mmoja. Wazo hilo linasikika tena katika Tangazo la Uhuru wa Marekani la 1776.

Udhaifu wake uko kwenye ridhaa. Ni nani aliyewahi kuulizwa kama anaikubali serikali yake? Locke anasema kuna ridhaa ya kimya: hata anayetembea kwenye barabara ya nchi amekubali sheria zake. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilipinga hilo mwaka 1748. Alisema ni kama kumwambia mtu aliyebebwa usingizini akaingizwa melini kwamba amekubali amri za nahodha, eti kwa sababu yuko huru kujirusha baharini.

Rousseau: waliofungwa na jamii

Rousseau, mzaliwa wa Geneva wa mwaka 1712, aliwasoma wote wawili na kuona wamekosea mahali pamoja. Wamemchukua mtu wa mjini wa zama zao, mwenye wivu, hesabu na majivuno, wakampeleka msituni na kusema huyo ndiye binadamu wa asili. Katika hoja yake kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa, ya mwaka 1755, anasema binadamu wa asili alikuwa na mambo mawili: kujipenda kwa kutaka kuishi tu, na huruma inayomfanya asivumilie kumwona mwenzake akiteseka. Majivuno yalikuja watu walipoanza kuishi pamoja na kutazamana: nani mzuri zaidi, nani hodari zaidi, nani ana zaidi. Kisha mtu wa kwanza akazungushia ua kipande cha ardhi, akasema hiki ni changu, na akapata watu wepesi wa kumwamini. Kwake, mkataba wa kwanza wa serikali ulikuwa hila ya matajiri: waliwaalika maskini wakubali sheria zilizolinda kile ambacho matajiri walikuwa wameshakitwaa.

Hakutaka turudi msituni. Aliwakanusha mwenyewe waliodhani hivyo. Mwaka 1762 alitoa dawa yake. Kila mtu ajitoe mzima kwa jamii nzima, ili kila mmoja awe mtunga sheria na mtii wa sheria. Kinachotawala ni utashi wa pamoja, yaani kile ambacho jamii inakitaka kwa ajili ya manufaa ya wote, na huo ni tofauti na jumla ya matakwa ya kila mmoja. Utashi huo hauwakilishwi na mtu. Aliwaambia Waingereza kwamba wako huru siku wanapowachagua wabunge tu, na baada ya hapo wamerudi utumwani. Halafu anakuja na kauli inayotisha: anayekataa kutii utashi wa pamoja atalazimishwa kuwa huru.

Kuwapima kwa kipimo cha mtawala

Hobbes anaanguka hapa, au angalau anayumba. Ametuambia kwamba hofu na kutoaminiana vinawaharibu watu wa kawaida, kisha akampa mtawala mmoja kila kitu. Alijua swali hili linakuja. Alijibu kwamba hali ya binadamu haiwezi kukosa usumbufu fulani, na kwamba mabaya ya mtawala ni madogo yakilinganishwa na mateso ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliongeza kwamba mfalme hawezi kuwa tajiri na salama juu ya raia maskini na dhaifu, kwa hiyo maslahi yake yanafuatana na yao. Jibu la kwanza ni zito, na aliyeona nchi ikivunjika hatalicheka. La pili silikubali. Historia imejaa watawala waliotajirika juu ya raia waliodhoofika.

Locke alilishambulia pale pale. Aliuliza kama watu ni wajinga kiasi cha kujihadhari na vicheche na mbweha, kisha waone usalama kuliwa na simba. Kwa lugha ya hesabu alisema hivi: aliye chini ya matakwa ya mtu mmoja anayeamuru watu 100,000 yuko katika hatari kubwa kuliko aliye chini ya matakwa ya watu 100,000, kila mmoja peke yake. Kwangu hii ndiyo hoja kali kuliko zote katika mada nzima. Haimhitaji mtawala awe mbaya zaidi yetu. Inatosha awe kama sisi, na awe na jeshi.

Ndiyo maana waliomfuata Locke walishughulika na muundo kuliko tabia. Montesquieu, mwanafalsafa wa Ufaransa, alieleza mwaka 1748 jinsi mamlaka ya kutunga sheria, ya kutekeleza na ya kuhukumu yanavyopaswa kutenganishwa, ili madaraka yazuie madaraka. Mwaka 1788 James Madison, mmoja wa waasisi wa katiba ya Marekani, aliandika kwamba kama watu wangekuwa malaika, serikali isingehitajika, na kama malaika wangetawala watu, serikali isingehitaji kudhibitiwa. Sentensi hiyo ina nusu ya Hobbes na nusu ya Locke, na ukiweza kuonyesha wapi moja inaishia na nyingine inaanza, insha yako imeshasimama.

Na Rousseau? Anakwepa kipimo kwa kusema mtawala ni watu wote, nao hawawezi kutaka kujiumiza. Lakini lazima awepo mtu wa kutangaza kwamba utashi wa pamoja ndio huu. Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, alimheshimu sana Rousseau, na mwaka 1793 na 1794 waliosema kwa niaba ya wananchi waliwapeleka wananchi kwenye kisu cha kukatia vichwa. Sisemi Rousseau ndiye aliyewaua. Alikufa mwaka 1778, na aliandika akiwa na dola ndogo kichwani. Nasema hakuacha kufuli mlangoni.

Ushahidi unaotumiwa vibaya

Wanafunzi hupenda kuleta majaribio ya saikolojia, na hapo tahadhari inahitajika. La Stanley Milgram, lililoanza mwaka 1961, mara nyingi huletwa kumuunga mkono Hobbes: katika ripoti ya kwanza, watu 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza hadi kiwango cha juu cha umeme waliodhani unamuumiza mwenzao. Lakini watu wale hawakuwa katika hali ya asili. Walikuwa na mkubwa mbele yao, yaani msimamizi wa jaribio aliyewaamuru waendelee, wakamtii. Jaribio hilo linamtia Hobbes mashakani, kwa sababu hatari ilitoka kwenye utii. Jaribio la gereza la Stanford la 1971, ambamo vijana waliigiza kuwa walinzi na wafungwa, lililopangwa kwenda wiki mbili na kusimamishwa baada ya siku sita, liache kabisa au ulitaje pamoja na dosari yake: baadaye ilionekana kwamba walinzi walihimizwa wawe wakali.

Upande wa pili huletwa vijana sita wa Tonga waliokwama kwenye kisiwa cha ʻAta mwaka 1965 wakaokolewa 1966, baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Waligawana kazi, wakalinda moto usizimike, na mmoja alipovunjika mguu wenzake wakamuuguza. Ni kisa kinachotia moyo kwelikweli. Ila walikuwa marafiki waliosoma pamoja na kulelewa katika maadili yaleyale, na tatizo la Hobbes ni la wageni wasiojuana.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko yote ni wa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Alichunguza jamii zilizotunza malisho, misitu, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi kwa pamoja, nyingine kwa karne kadhaa, bila kukabidhi mambo yao kwa mkubwa mmoja na bila kugawana kila kitu kuwa mali binafsi. Zilikuwa na kanuni walizozitunga wenyewe, walinzi waliowajibika kwao, na adhabu zilizoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Hobbes anapata haki yake hapo, maana upanga upo, ingawa mdogo. Locke anapata yake, maana kuna mwamuzi na kanuni zinazojulikana. Rousseau naye anapata yake, maana wanaotii ndio waliotunga.

Ni nani aliyehesabiwa?

Usimalize insha bila swali hili. Locke, mtetezi wa uhuru, alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika, na alihusika kama katibu na katiba ya Carolina, koloni la Kiingereza huko Amerika, ya 1669, iliyompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Rousseau aliandika kwamba elimu ya msichana ilenge kumfaa mwanamume, na Mary Wollstonecraft, mwandishi wa Kiingereza aliyetetea haki za wanawake, akamjibu vikali mwaka 1792. Anayemchagua Locke anapaswa kusema wazi kwamba haki za asili zinadai zaidi ya alichokitenda mwenye kuziandika, na aonyeshe kwa nini hoja inabaki imara hata hivyo. Mimi naamini inabaki: waliokuwa wamefungwa minyororo walitumia lugha hiyohiyo ya haki kudai wafunguliwe.

Basi, uchague hivi

Kama kinachokutisha zaidi ni nchi isiyo na dola, ambako mwenye silaha ndiye sheria, mchague Hobbes, lakini jenga hoja yako juu ya kutoaminiana na uiache ile ya uovu. Kama kinachokutisha ni dola yenyewe inapokosa kizuizi, chukua Locke. Kama unaona sheria zinaheshimiwa na mahakama zipo, na bado walio wengi wanaishi kwa kuwatumikia wachache, Locke hatakutosha. Nenda kwa Rousseau, ambaye peke yake anauliza ua ule uliwekwaje.

Kama mwalimu anaruhusu kutoka nje ya watatu hawa, yupo Mencius wa China, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyesema kwamba yeyote akimwona mtoto anataka kutumbukia kisimani atashtuka na kumhurumia kabla ya kuwaza faida, na Xunzi wa karne iliyofuata, aliyemjibu kwamba hulka ya mtu ni kama mti uliopinda unaohitaji kunyooshwa. Wawili hao wanavutia kwa sababu waliachana kuhusu hulka, wakakutana kwenye dawa moja: malezi na elimu. Hilo linavunja dhana kwamba ukijua binadamu ni mwema au mbaya, basi umeshajua serikali inayomfaa.

Mimi nasimama na Locke, kwa kuwa ndiye anayewatazama raia na mtawala kwa jicho moja. Lakini nisingempa alama mwanafunzi wa Locke asiyejibu swali la milango inayofungwa usiku. Anayemchagua Hobbes aeleze ni nani atakayeamua kwamba ulinzi umekoma na utii umekwisha, maana akisema ni raia, ameshaingia kwa Locke bila kujua. Na anayemchagua Rousseau aeleze utashi wa pamoja unatambuliwaje pale watu wanapogawanyika nusu kwa nusu, kila upande ukiamini kwa dhati kwamba unayataka manufaa ya wote.